Kalamu Ambayo Haikuwepo

Mimi nina mdomo, na sijawahi kuukana. Mtaa wetu wa Kasense wote wanajua. Ukipita mbele ya nyumba yangu bila kunisalimia utaitwa jina lako, la baba yako na la babu yako, na utarudi. Nimewafundisha hivyo watoto wangu watano, nikawafundisha wajukuu, na walipokwisha wa nyumbani nikahamia kwa watoto wa jirani. Sikuombwa na mtu. Kwetu Ufipa mtoto akikutana na mkubwa anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anasubiri aitikiwe, ndipo anainuka. Nimekulia hivyo. Siku hizi nikiona mtoto anampungia mkono mtu mzima kama anaita bodaboda, damu inanichemka.

Jina langu ni Evodia, nina miaka sitini na saba. Ninachosimulia hapa ni habari za Bashiri, dereva wa gari la shule. Lakini huwezi kumsimulia Bashiri bila kunitaja mimi, na nikijitaja itabidi niseme yote, hata yale ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafunika uso na kanga nikiwa peke yangu chumbani. Kwa hiyo nivumilieni.

Bashiri ni mtu wa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara. Mfupi, mpole, anaongea kama anayepima chumvi. Ujana wake wote aliumaliza kwenye malori ya baba yake mdogo, mara Kipili kuchukua samaki, mara Milepa kuchukua mahindi, na kona za kuteremkia bonde la Rukwa anazijua kama vidole vyake. Siku moja mkewe, Adija, akamwambia kwamba mtoto wao mdogo akimwona anakimbilia kwa mama kujificha, anadhani ni mgeni. Bashiri akaacha malori mwezi huohuo, akaenda kuomba kazi kwenye shule moja ya watu binafsi, akapewa Kosta ya njano ya kubebea wanafunzi.

Watu walimcheka sana. Mwanaume wa kuendesha Fuso leo anabeba vitoto vyenye chupa za maji shingoni! Nami nilicheka, kwa nini nidanganye. Yeye hakujali. Akawa anaendesha lile gari kama amebeba mayai. Akifika kwenye kile kibao chenye picha ya watoto wawili wanavuka, anapunguza mwendo mpaka anapitwa na baiskeli. Malori yakipiga honi nyuma yake, anatoa mkono dirishani, anawaonyesha kibao, basi. Trafiki walipokwenda shuleni kufundisha watoto kuvuka, afande mmoja mwanamama anaitwa Mboje alimsimamisha Bashiri mbele akasema madereva wote wangekuwa hivi, yeye angekosa kazi ya kufanya.

Alikuwa na utaratibu wake wa kushusha watoto, na hakuuvunja hata siku moja. Gari likisimama, anashuka kwanza Rozina, binti aliyeajiriwa kuwaangalia watoto, wenyewe wanamwita matroni. Rozina anawapanga watoto kwenye majani, upande uleule wa mlango. Anawahesabu. Akimaliza anapiga bodi la gari mara mbili kwa kiganja, anapanda, anafunga mlango, gari linaondoka. Watoto hawatoki kwenye majani mpaka gari limekwenda na barabara yote inaonekana, kushoto na kulia. Ndipo wanavuka pamoja, wakubwa wamewashika wadogo.

Utaratibu huo ulinikera. Nyumba yangu iko ng'ambo ya pale gari linaposimama, na saa za jioni mimi huwa nimesimama kando ya barabara napunga upepo. Sasa fikiria, watoto wa kwetu, ambao nimewafahamu toka wako mgongoni, wanasimama ng'ambo wananikodolea macho, hakuna anayechuchumaa, hakuna anayenyanyua mdomo, eti wanasubiri gari liondoke. Na likishaondoka wanavuka mbio kuelekea kwao. Nikamvaa Bashiri siku moja. Nilimwambia anawafundisha watoto wetu kumsikiliza yeye, na sisi wazee tusimame pale kama nguzo za umeme. Nikamwambia yeye ni mtu wa mjini, desturi zetu hazijui.

Hakunijibu vibaya. Alizima gari kwanza. Kisha akasema, "Kweli mama, mimi najua gari tu. Ila hili gari pua yake ni ukuta. Mtoto akipita mbele yangu amesimama, naona kichwa. Akichuchumaa, kwangu mimi hayupo."

Nilisikia. Masikio yangu ni mazima. Nikasonya, nikaingia ndani.

Sasa nije kwa Angela. Angela ni mtoto wa Nestory na Margareth, majirani zangu, wakulima wa mahindi na ulezi kama sisi wote. Alikuwa darasa la pili, miaka minane, mtoto mkimya asiye na makuu, ukimtuma anakwenda, ukimkanya anainamisha kichwa. Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mvua ilikuwa imeanza kudondoka, gari likaondoka, watoto wakavuka, na Angela akanipita mbio mkoba kichwani. Alinisalimia. Nasema kweli, alisema "Shikamoo Bibi," lakini alisema huku anakimbia.

Nilimrudisha. Nilimsimamisha mvuani mbele ya wenzake, nikamuuliza kama kwao wamekosa adabu ya kumfundisha au aliyekosa ni yeye. Akachuchumaa kwenye tope. Akapiga makofi. Sketi ya shule ikalowa. Wenzake walikuwa wanachekelea, naye midomo inamcheza kwa kutaka kulia. Nikamwambia kesho akiniona tu, hata niwe ng'ambo ya barabara, achuchumae palepale. Nikaenda kulala nimeridhika, najiona nimefanya kazi ya maana.

Kesho yake Jumanne nilitoka kando ya barabara mapema kidogo. Sikuwa na shida yoyote pale. Nilikwenda kuona kama nimesikika.

Gari lilisimama. Rozina akashuka, akawapanga watoto kwenye majani, wote saba. Nilimwona akiwahesabu kwa kidole. Akapiga bodi mara mbili, akapanda, akafunga mlango. Mpaka hapo kila mtu alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Mimi nilikuwa ng'ambo, mbele kidogo ya gari, na macho yangu yalikuwa kwa Angela. Nilimkazia macho. Wanaonijua wanajua nikimkazia mtu macho inakuwaje. Mtoto akaniona. Akawatazama wenzake, akanitazama mimi, akatoka kwenye majani. Akaja mpaka mbele ya gari ili nimwone vizuri, akachuchumaa pale chini ya kioo, akapiga makofi. "Shikamoo Bibi."

Nikaitikia.

Gari likaondoka.

Nilipiga kelele, lakini kelele ilitoka imechelewa. Bashiri alifunga breki palepale, gari halikwenda hata hatua mbili za mtu mzima, ila hatua mbili zilitosha. Angela alikuwa chini ya bampa, mguu wa kushoto umebanwa na tairi. Bashiri alishuka akalala kifudifudi kwenye lami, akawa anamsemesha mtoto kwa sauti ndogo wakati mafundi baiskeli wa jirani wananyanyua gari kwa jeki. Mfupa wa chini ya goti ulikuwa umevunjika mara mbili. Walimpakia kwenye pikapu ya mtu aliyekuwa anapita, Margareth akapanda nyuma akiwa na unga mikononi, hata hakunawa.

Watu wakamgeukia Bashiri. Mmoja alimshika shati. Bashiri hakujitetea, alisimama ameweka mikono kichwani. Nashukuru Mungu Afande Mboje alifika upesi na pikipiki yake, la sivyo wangempiga. Akauliza nani ameona. Wote wakanielekezea mimi. Nasikia mpaka leo sauti ya fundi mmoja akisema muulizeni Bibi Evodia, huyo hapindishi maneno.

Mboje akaja mbele yangu na daftari. Akauliza kwa nini mtoto alikuwa chini mbele ya gari.

Nilikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitakiwa. Nikawatazama wale watu, wote wananisubiri, wote wananiheshimu, nikaona jinsi watakavyonitazama nikishasema. Nikasema, "Alidondosha kalamu. Aliinama kuokota."

Akauliza matroni alikuwa wapi. Nikasema ndani ya gari. Hilo ni kweli nusu, na nusu ndiyo mbaya zaidi, maana sikusema kwamba alikuwa ameshuka, ameshahesabu, amepiga bodi. Mboje akawageukia wale watoto sita waliobaki kwenye majani, akawauliza kama ni kweli, ilikuwa kalamu. Walikuwa wameona kila kitu. Walinitazama mimi, wote sita, kisha wakatazama chini. Mkubwa wao akasema ndiyo. Hakuna mtoto niliyemfundisha mimi anayembishia mtu mzima.

Bashiri alilala mahabusu siku mbili. Alipotoka kwa dhamana leseni ilibaki polisi, na shauri lake la kuendesha bila uangalifu likaanza kuandaliwa. Shule ikamsimamisha yeye na Rozina. Rozina alikwenda nyumba hadi nyumba akilia kwamba aliwahesabu, walikuwa saba kwenye majani, na watu wakamfungia milango. Mwenye kuamini nani? Bibi Evodia ameshasema binti alikuwa ndani. Mashineni nilisikia wanawake wakisema Bashiri alikuwa anaongea na simu. Mwingine akasema ni bangi, kazoea kwenye malori. Mimi mwenye mdomo wangu nikasimama na ndoo yangu ya mahindi, kimya, kana kwamba wanamzungumzia mtu wa nchi nyingine. Jumapili sikwenda kupokea komunyo. Nikasingizia tumbo.

Niliona aibu, ndiyo, lakini nilijikaza kisabuni. Nilijiambia mtoto atapona, dereva atapata kazi nyingine, madereva hawakosi kazi. Nilijiambia mengi.

Hospitali nilikwenda siku ya nane, maana nisingekwenda wangeniuliza. Bashiri nilimkuta nje kwenye benchi na Adija, chupa ya uji katikati yao. Nestory alikuwa amemfukuza siku ya kwanza alipokuja, akamfukuza na ya pili, kwa hiyo sasa uji unapelekwa na nesi. Kumbe alikuwa anakuja kila siku kukaa tu pale. Aliponiona alisimama. "Shikamoo mama." Nikaitikia huku natazama viatu vyake.

Akaniambia amekwenda mara tatu pale barabarani kuitafuta ile kalamu, ili amrudishie mtoto. Ametafuta kwenye majani, ametafuta kwenye mtaro, hajaiona. Nikasema labda imesombwa na maji. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea polepole, kama mtu anayeungama kwangu.

"Mama, mimi silali. Najiuliza sikutazama wapi. Rozina alipiga bodi, nikatazama kioo cha kushoto, nikatazama cha kulia, nikakutazama na wewe pale ng'ambo. Ulikuwa unatabasamu. Nikasema moyoni, mama Evodia anatabasamu, basi mbele hakuna kitu."

Nilisema nawahi kumwona mtoto, nikampita.

Angela alikuwa kitanda cha dirishani, mguu mzima umefungwa plasta mpaka juu ya goti. Margareth alikuwa ametoka kufua. Mtoto aliponiona alishtuka. Akashika ukingo wa kitanda, akaanza kuuvuta ule mguu mzito kuelekea chini, uso umekunjamana kwa maumivu. Mwanzo sikuelewa anataka nini. Nikadhani anataka kwenda chooni. Kumbe anataka kushuka achuchumae.

Nilimkamata mabega nikamrudisha. Nilimwambia lala, lala mama yangu, lala hivyohivyo. Nikakaa pembeni yake, mikono yangu haina pa kwenda, nikalishika shuka. Kisha Angela akatazama mlangoni kama kuna mtu, akanisogelea sikioni.

"Bibi, ile kalamu ilikuwa ya rangi gani? Baba ameniuliza, nikakosa cha kusema."

Nimezika mume. Nimezika mtoto mmoja. Sijawahi kuumia namna ile. Hakuniuliza kwa kunisuta, mtoto yule hajui kusuta. Aliniuliza kwa adabu. Mtu mzima amesema kulikuwa na kalamu, basi kalamu ilikuwepo, na yeye kosa lake ni kutoijua rangi. Alikuwa analala na mguu uliovunjika huku anahangaika asije akaniangusha mimi.

Nikamwambia hakukuwa na kalamu. Akanitazama, hakuelewa. Nikamwambia baba akiuliza tena, amwambie Bibi Evodia alisema uongo. Akatikisa kichwa kukataa, machozi yanamlenga. Hilo neno la uongo, kulisema juu ya mtu mzima, hakuliweza. Ilibidi nitoke mimi mwenyewe nikamtafute Nestory, nilimkuta kwenye foleni ya dawa, nikamwambia mbele ya watu. Sitaandika alichoniambia. Alikuwa na haki yake.

Nikarudi kwenye benchi, nikamwambia Bashiri anisindikize kituo cha polisi. Hakuuliza kwa nini. Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele kidogo, na kila tulipovuka barabara alisimama kwanza, akanishika mkono, akatazama pande zote mbili, kama nilivyowaona watoto wakivushwa. Nikamwachia mkono anishike. Nilitamani ardhi inimeze.

Niseme mapema ili msihangaike. Bashiri alirudishiwa leseni, na Rozina alirudi kazini. Angela anatembea, anachechemea kidogo kukiwa na baridi, na baridi yetu mnaijua. Mimi nilionywa tu, kwa sababu ya umri wangu, na wengi mtaani wanaendelea kunisalimia. Wananisalimia wamesimama. Watoto wakiniona kando ya barabara wanageuza shingo kwanza kumtafuta Rozina, na mimi siku hizi saa za gari nakaa ndani.

Lakini siku ile kituoni kuna kitu kilitokea ambacho sijawasimulia wa nyumbani kwangu. Hata hapo juu, nilipofika mahali pa gari kuondoka, nilikiruka. Nimezoea kukiruka.

Afande Mboje alituweka kwenye meza moja, mimi na Bashiri, yeye na karatasi. Nikaeleza habari ya Jumatatu, tope na makofi. Nikaeleza kwamba Rozina alishuka na kuhesabu. Nikaeleza macho niliyomkazia mtoto. Mboje alikuwa anaandika upesi, hanitazami.

"Alipochuchumaa mbele ya gari, wewe ulifanya nini?"

"Nilifurahi," nikasema.

"Ukaitikia?"

"Sikuitikia hapohapo. Gari liliunguruma. Mtoto akageuza kichwa akalitazama, akaanza kuinuka. Nikamwambia, bado hujapiga makofi."

Mboje akaacha kuandika. Bashiri, ambaye toka tumeingia alikuwa ameinamisha kichwa, akakiinua.

"Kwa hiyo aliliona gari?" akaniuliza.

"Aliliona."

"Akarudi chini?"

"Nilimwambia arudi," nikasema. "Akarudi, akapiga makofi."